Somo: Kuchagua Pawasaplai Unapoongeza Kadi ya Grafiki

Tuchukue mfano wa kijana anayeishi Pugu Kajiungeni. Amedunduliza fedha kwa miezi kadhaa, kisha akaenda Kariakoo kununua kadi ya grafiki ili kompyuta yake iweze kucheza michezo mipya. Muuzaji anamweleza kwamba kadi hiyo inahitaji pawasaplai ya wati 550, na anamwekea mezani pawasaplai mbili. Zote zimeandikwa wati 550 kwa tarakimu kubwa, lakini moja inauzwa kwa chini ya nusu ya bei ya nyingine. Kijana anajiuliza: ikiwa wati ni zile zile, kwa nini alipe zaidi?

Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika lebo ndogo iliyobandikwa ubavuni mwa kifaa chenyewe. Katika somo hili tunaeleza namna ya kuisoma lebo hiyo, kwa kuwa rahisi ya leo huweza kuunguza kadi ya gharama kubwa kesho, au kuhatarisha nyumba nzima.

Kazi ya pawasaplai

Pawasaplai ni lile kasha la chuma ndani ya kompyuta ambamo waya utokao ukutani huchomekwa. Hupokea umeme wa volti 230 na kuugeuza kuwa umeme mdogo wa volti 12, volti 5 na volti 3.3. Kadi ya grafiki na prosesa, ambavyo ndivyo vinavyotumia umeme mwingi zaidi, hutegemea hasa njia ya volti 12. Kwa hiyo nguvu ya njia hiyo ndiyo inayopaswa kupimwa kwanza.

Hatua ya kwanza: fanya hesabu ya mahitaji

Tuseme kijana wetu amechagua kadi ya GeForce RTX 3060, ambayo hutumia wati 170. Prosesa yake ni Core i5-12400, ambayo huweza kufikia wati 117 inapofanya kazi kwa nguvu zote. Mazabodi, memori, diski na feni tuzikadirie wati 60. Jumla ni wati 347.

Haifai kununua pawasaplai inayolingana na jumla hiyo kamili, kwa sababu kadi huweza kuvuta umeme zaidi ya kiwango chake kwa nukta chache, na kifaa kinachofanya kazi kwenye ukomo wake hupata joto na kuchakaa mapema. Ukiongeza theluthi moja utapata takribani wati 460. Mtengenezaji wa kadi hii anashauri wati 550, nasi tunashauri ufuate kiwango hicho. Hakuna haja ya kushawishiwa kununua ya wati 1,000.

Hatua ya pili: soma mstari wa volti 12

Wati hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea. Tazama katika lebo chini ya volti 12, kisha usome ampea zilizoandikwa. Pawasaplai ya kwanza inaonyesha ampea 45: 12 mara 45 ni wati 540. Ya pili, ile ya bei nafuu, inaonyesha ampea 18: 12 mara 18 ni wati 216 tu. Kadi na prosesa ya kijana wetu peke yake zinahitaji wati 287. Kwa hiyo pawasaplai ya pili haifai, hata kama tarakimu kubwa juu yake ni 550.

Baadhi ya lebo huonyesha njia mbili za volti 12. Usijumlishe ampea zake; tafuta wati za jumla zilizoandikwa kwa njia hizo zote kwa pamoja. Lebo isiyoonyesha ampea kabisa ni sababu tosha ya kukirudisha kifaa mezani.

Alama ya 80 Plus humaanisha kwamba angalau asilimia 80 ya umeme unaoingia hufika kwenye kompyuta, badala ya kupotea kama joto. Hata hivyo, stika huweza kughushiwa. Orodha ya modeli zilizothibitishwa imewekwa wazi kwenye tovuti ya mpango huo. Itafute modeli yako kwa simu kabla hujalipa.

Hatua ya tatu: hakiki plagi

Nafasi ya mazabodi inayochomekwa kadi hutoa wati 75. Plagi ya kadi yenye pini 6 huongeza wati 75, na ya pini 8 huongeza wati 150. Hesabu plagi zinazohitajiwa na kadi yako, nawe uhakikishe pawasaplai inazo. Usilazimishe plagi ya prosesa iingie kwenye kadi, wala usikubali kiunganishi kinachochukua umeme kutoka plagi ya diski, kwa kuwa nyaya zake hazikukusudiwa kubeba mzigo huo. Vilevile, usitumie nyaya zilizotoka kwenye pawasaplai nyingine, hata kama zinaingia bila tabu: mpangilio wa pini upande wa pawasaplai hutofautiana, na kosa hilo huunguza vifaa papo hapo.

Ikiwa kompyuta yako ilitumika ofisini

Kompyuta nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu zilikwisha kutumika maofisini. Dell OptiPlex 9020 ya umbo la mnara, kwa mfano, ilitoka na pawasaplai ya wati 290, na plagi ya mazabodi yake si ile ya kawaida ya pini 24. Kwa mwenye mashine ya aina hiyo, njia ya busara ni kuchagua kadi isiyohitaji plagi yoyote, kama vile GeForce GTX 1650 ya wati 75. Zipo GTX 1650 zenye plagi ya pini 6, kwa hiyo tazama kadi yenyewe kabla ya kulipa.

Umeme wa nyumbani

Nyumba zilizo mbali na transfoma huweza kupata umeme mdogo nyakati za jioni. Chagua pawasaplai iliyoandikwa volti 100 hadi 240, kwa kuwa huvumilia upungufu huo. Ikiwa ina swichi ya volti 115 na 230, hakikisha imewekwa 230 kabla ya kuiwasha. Tumia soketi yenye waya wa ethi, na kinga dhidi ya umeme unaopanda ghafla. Kamwe usifungue kasha la pawasaplai, kwani ndani yake umeme huweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya.

Pawasaplai ya wati nyingi haimalizi uniti kwa sababu ya ukubwa wake. Kinacholipiwa ni kile kinachotumika. Kompyuta inayovuta wati 410 ukutani kwa saa 4 kila siku hutumia takribani uniti 49 kwa mwezi. Familia iliyo katika kundi la matumizi madogo la D1, ambalo kikomo chake ni uniti 75 kwa mwezi, na ilifikirie hilo kabla ya kununua.

Haki zako

Dai risiti ya EFD yenye jina la modeli, na waranti iliyoandikwa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa. Ukiuziwa bidhaa bandia, tunza kifaa, kasha na risiti, kisha upeleke malalamiko yako Tume ya Ushindani.

Zoezi

Pawasaplai imeandikwa wati 600, na lebo yake inaonyesha ampea 22 kwenye volti 12. Kadi inahitaji wati 200 na prosesa wati 117. Je, inafaa?

Jibu: Haifai. 12 mara 22 ni wati 264, ilhali mahitaji ya vifaa hivyo viwili ni wati 317.