SOMO LA SIRA NA MAISHA: KASSIM OUMA, KADOGO ALIYEKUWA BINGWA WA DUNIA

  

Tulipokuwa tukisoma habari za Zayd bin Haritha (R.A.), mwanafunzi mmoja aliuliza: "Ustadh, hivi siku hizi mtoto anaweza kuchukuliwa kwa wazazi wake namna ile?" Kabla sijajibu, mwenzake akadakia kwamba mambo hayo yalikwisha zamani pamoja na misafara ya Unyanyembe. Niliwasimulia habari za bondia mmoja wa Uganda, na darasa lote likatulia, jambo ambalo wanaolifahamu darasa lile watajua si la kawaida. Nimeona niziandike.

Bondia huyo ni Kassim Ouma, aliyezaliwa Uganda tarehe 12 Desemba 1978 katika familia ya kimaskini. Wakati huo nchi ilikuwa chini ya Idi Amin. Mwaka 1979 majeshi yetu ya Tanzania yalimwondoa Amin, lakini amani haikudumu. Mwezi Februari 1981 Yoweri Museveni na wenzake walianza vita vya msituni, na jeshi lao likaitwa NRA. Kassim alikuwa na umri wa miaka sita hivi askari wa jeshi hilo walipofika shuleni kwake na kumchukua pamoja na wanafunzi wenzake. Hakuwaaga wazazi. Asubuhi alikuwa mwanafunzi, naye akaishia kuwa askari wa msituni.

Tazama mdogo wako wa miaka sita. Ndiye yule anayeandika alifu kwa shida kwenye ubao, na ambaye ukimtuma dukani hurudi amesahau chenji. Mtoto wa kimo hicho alipewa bunduki. Kassim mwenyewe amesimulia alipokuwa mtu mzima kwamba walilazimishwa kuua, na kwamba waliojaribu kutoroka waliuawa. Tarehe 26 Januari 1986 jeshi lile liliitwaa Kampala, na watu waliona watoto wenye sare wakipita mitaani na silaha. Kassim alikuwa na miaka saba.

Watoto wale waliitwa "kadogo". Neno hili ni la kwetu. Ni Kiswahili, na hiyo "ka" ya mwanzo kila Mnyamwezi anaijua, maana tunaitumia nyumbani kwa kitu kidogo tunachokipenda. Limefikaje kwenye jeshi la Uganda? Kiswahili kilikuwa lugha ya askari tangu jeshi la Waingereza, King's African Rifles, na majeshi yaliyofuata yakakirithi. Lakini kabla ya Waingereza kulikuwa na njia yetu. Wafanyabiashara waliotoka pwani walifika hapa Tabora, ambapo kituo chao kiliitwa Kazeh. Kutoka hapa wengine walishika njia ya magharibi kwenda Ujiji, na wengine njia ya kaskazini kupitia Karagwe hadi Buganda. Snay bin Amir, tajiri wa Kazeh aliyempokea mzungu Burton mwaka 1857, alikwishafika huko kwa Kabaka Suuna. Kwa njia hiyo hiyo Uislamu uliingia Buganda, pamoja na majina kama Kassim.

Aliyetangulia katika kumbukumbu za Buganda ni Ahmed bin Ibrahim, mwaka 1844. Inasimuliwa kwamba alimwona Kabaka akiamuru watu wauawe, akasimama mbele ya baraza na kumwambia kuwa watu hao ni viumbe wa Mwenyezi Mungu, na si haki kuwamwagia damu hivyo. Alikuwa mgeni, peke yake, mbali na kwao, lakini alisema.

Hata hivyo tusijisifu sana, maana njia hiyo hiyo ilipitisha pembe za ndovu na ilipitisha watu. Watoto walitekwa vitani huko Manyema na kwingineko, wakafikishwa Tabora bila baba wala mama, wakapewa majina mapya. Katika vita vya Mirambo dhidi ya Waarabu wa Unyanyembe, vilivyoanza mwaka 1871, vijana walioitwa ruga-ruga walipigana, na miongoni mwao walikuwamo mateka waliokwisha kupoteza jamaa zao. Asiye na nyumba ya kurudi ni rahisi kumtia vitani. Jambo lile lililofanyika hapa katika karne ya 19 lilifanyika tena Uganda katika karne ya 20, kwa hiyo yule aliyesema mambo haya yalikwisha na misafara alikosea.

Sheria yetu inasemaje kuhusu mtoto na vita? Ni katika hadithi sahihi kwamba Abdullah bin Umar (R.A.) alijitokeza siku ya Uhud akiwa na miaka 14, na Mtume (S.A.W.) hakumruhusu. Siku ya Khandaq alikuwa na miaka 15, akamruhusu. Khalifa Umar bin Abdul Aziz alipoipata hadithi hii aliifanya kuwa mpaka baina ya mtoto na mtu mzima, akawaandikia magavana wake. Na angalieni, Ibn Umar alikuja mwenyewe kwa hiari yake, akarudishwa nyumbani! Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 nao uliweka miaka 15 kuwa mwisho wa kuingiza mtoto vitani, na itifaki ya mwaka 2000 ikakataza kumlazimisha aliye chini ya miaka 18.

Turudi kwa Kassim. Alikua ndani ya jeshi, na humo ndimo alimojifunza ngumi. Mwaka 1998 alikwenda Marekani na timu ya jeshi, akatoroka, akabaki huko na kuanza ngumi za kulipwa. Hakuwa na pigo moja la kumaliza mchezo, sifa yake ilikuwa kurusha ngumi nyingi bila kupumzika. Tarehe 2 Oktoba 2004, mjini Las Vegas, alimshinda Verno Phillips kwa pointi na kutwaa mkanda wa dunia wa IBF katika uzito ulio chini kidogo ya kilo 70. Mwaka uliofuata alinyang'anywa na Roman Karmazin. Desemba 2006 aliwania mkanda mkubwa zaidi kwa Jermain Taylor, akashindwa kwa pointi.

Hapa mwanafunzi mwingine aliniuliza kama ngumi ni halali. Mtume (S.A.W.) amekataza kupiga uso, na mchezo huu pointi zake nyingi ziko usoni, kwa hiyo wanachuoni wengi wameukataza. Simleti Kassim hapa ili mkawe mabondia. Ninamleta kwa sababu ya baba yake.

Kutoroka kwake jeshini kulikuwa na bei, na bei hiyo hakuilipa yeye. Baba yake alipigwa hadi akafa, na Kassim ameeleza kwamba askari walimwadhibu mzee kwa kosa la mwanawe. Baba aliyekwisha kunyang'anywa mtoto akaja kuuawa kwa sababu mtoto yule amejikomboa. Mwana hakuweza hata kurudi kuzika, maana nchini kwake alihesabiwa mtoro wa jeshi. Baada ya kuwa bingwa aliomba msamaha wa serikali, akakubaliwa. Katika filamu ya maisha yake iliyotolewa mwaka 2008 anaonekana amefika kwenye kaburi la baba yake, na bingwa yule analia kama mtoto.

Sasa mlinganisheni na Zayd. Naye alikuwa mtoto alipotekwa, wakati mama yake, Su'da, alipomchukua kuzuru kwao. Akauzwa katika soko la Ukaz, akaangukia nyumba ya Bibi Khadija (R.A.). Baba yake, Haritha, alimtafuta kwa miaka akimlilia, mpaka akafika Makka na ndugu yake wakiwa na fidia mkononi. Mtume, kabla hajapewa utume, hakutaka fidia. Alisema aitwe Zayd achague mwenyewe. Zayd akachagua kubaki, na baba akaondoka moyo wake umetulia, kwa kuwa ameona mwanawe yuko katika mikono gani. Miaka mingi baadaye watu wakiwa bado wanamwita Zayd bin Muhammad, ikashuka aya ya 5 ya Suratul Ahzab kuamuru watoto waitwe kwa baba zao. Akarudi kuwa Zayd bin Haritha. Yule mzee wa kabila la Kalb hakufutwa, ijapokuwa jina lililochukua nafasi yake lilikuwa bora kuliko majina yote.

Kazi ya likizo kwa darasa la tano na la sita: kaa na babu au bibi yako, andika jina lako, la baba yako, la babu yako, na endelea hadi watakapoishia kukumbuka. Uliza jamaa wa kwanza kufika Tabora alitoka wapi, na alifikaje, kwa miguu yake au kwa kuletwa. Ukiambiwa hajulikani baba yake, usiache nafasi hiyo tupu wala usione haya, andika jina alilopewa hapa na nani alimlea. Daftari ziletwe wiki ya kwanza ya kufungua madrasa.