Upepo Uking'oa Mabati, Bima Italipa?

Mvua za masika, Machi hadi Mei, huja na upepo. Je, bima ya nyumba italipia paa? Kwa kawaida ndiyo, kama dhoruba ndiyo chanzo. Mabati yaliyoliwa na kutu kwa miaka? Hayo ni juu yako.

Tunakushauri:

1. Piga picha za paa sasa, kabla ya mvua.
2. Lipa mapema. Sheria ya Bima ya Kenya hairuhusu kampuni kukubebea hatari kabla ya kupokea malipo. SMS ya malipo usiifute.
3. Paa likiharibika, piga picha tena, funika kwa turubai, weka risiti, kisha ripoti haraka. Fundi asiezeke upya kabla ya mkaguzi kufika.

Wewe ni mpangaji? Paa ni la mwenye nyumba. Chukua bima ya vitu vyako.