Dondoo muhimu: Vitabu vya Kiingereza kwa watoto wa Kismayo na visiwani

Kabla hujanunua kitabu, fungua kurasa za herufi. Mtoto aliyeanza kusoma kwa Kisomali, kwa hati ya Kilatini iliyofanywa rasmi mwaka 1972, amezoea X iwe ح na C iwe ع. Akikutana na neno “cat” au “box” atakwama, wala si kwa uzito wa akili. P haimo katika hati hiyo, lakini mtoto wa Kibajuni huitamka kila siku nyumbani, kwa hiyo hapo ana nafuu. Chagua kitabu chenye mazoezi mengi ya herufi hizo. Kisipokuwa nayo, chora kadi zako mwenyewe.

Picha za theluji na treni ziache kwa madarasa ya mbele. Msamiati wa mwanzo uanze na vitu vinavyoshikika: wavu, kamba, tanga, kasia, samaki wa asubuhi hiyo. Havigharimu kitu, na mtoto wa kisiwa cha Koyama au Chula atakuwa na la kusema.

Kwa hadithi, tafuta mkusanyo wa mtandaoni wa African Storybook. Hadithi zake ni bure, zipo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na leseni yake inakuruhusu kuchapa na kurekebisha. Zipakue ukiwa mjini Kismayo, kisha uvuke nazo hadi visiwani. Hadithi ileile kwa lugha mbili inamfaa mtoto kuliko kitabu kinene cha sarufi.

Karatasi zihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni. Unyevu wa bahari huziharibu upesi.