Mia Tatu au Mia Tano? Somo Juu ya Spika na Ukumbi



Somo la safari hii ni la kutusaidia kusikilizana mikutanoni. Vikundi vingi, pesa zikipatikana, hununua spika. Lakini ukumbi ni wa mawe, sakafu ni ya simiti na juu ni mabati. Mwenyekiti anasema, "Mchango ni shilingi mia tatu." Akina mama walioketi nyuma wanasikia mia tano, au wanasikia mvumo tu. Kisha mikono inainuliwa na jambo linapitishwa. Je, ambaye hakusikia amekubali nini?

Kwa nini maneno hupotea

Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Ikigonga simiti au bati, karibu yote hurudi. Kwa hiyo msikilizaji hupata sauti ya aina mbili: inayomfikia moja kwa moja kutoka kwa spika, na ile iliyozunguka kwenye kuta na paa. Inayorudi upesi humsaidia. Inayochelewa hulifunika neno linalofuata. "Tatu" na "tano" hutofautiana kidogo tu, na hicho kidogo ndicho kinachofunikwa kwanza.

Spika ya pande zote

Ziko spika zinazotupa sauti pande zote, kama karabai inavyoangaza. Nyingine hutupa mbele, kama tochi. Ile ya pande zote ni nzuri uwanjani watu wakiizunguka, maana huko hakuna kuta. Ukumbini, sehemu kubwa ya sauti yake huishia kwenye kuta na paa kabla ya kufika masikioni.

Hebu tufanye hesabu. Ukumbi wenye urefu wa mita 20, upana mita 10 na kimo mita 4, ambamo sauti hukaa sekunde 3 kabla ya kuisha: ukisogea mita moja tu kutoka kwa spika ya pande zote, sauti ya kuta inaanza kuishinda ile ya moja kwa moja. Kwa spika nzuri ya kutupa mbele, umbali huo hufika kama mita 2 na nusu. Kuongeza sauti hakusaidii, kwa sababu zote mbili hupanda pamoja.

Jambo hili si geni. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilifungua ukumbi ambamo mhadhiri hakueleweka. Mwalimu wa fizikia, Wallace Sabine, alibeba matakia ya viti kutoka ukumbi mwingine, akayapanga humo na kupima sauti inakaa muda gani. Aliona kwamba vitu laini humeza sauti, na watu pia huimeza.

Tufanye nini?

1. Pigeni kofi moja ukumbi ukiwa mtupu. Sauti ikiendelea kuvuma, mmejua shida iko wapi.

2. Msinunue spika kabla ya kuijaribu humo humo, watu wakiwa ndani. Ukumbi mtupu huvuma zaidi.

3. Spika ya kutupa mbele iwekwe juu kidogo ya vichwa, iwaelekee watu, si ukuta wala paa. Maiki ikae nyuma ya spika, isije ikapiga mluzi.

4. Kama mnayo ya pande zote, iwekeni katikati, watu waketi karibu kuizunguka, na sauti iwe ya chini.

5. Tundikeni mablanketi mazito kwenye ukuta wa nyuma, yaache nafasi kidogo na ukuta.

6. Msemaji aseme polepole na kutua. Kila hesabu iandikwe ubaoni.

7. Kabla ya kupiga kura, mmoja wa walioketi nyuma kabisa arudie alichosikia. Akikosea, isomwe tena. Hii haigharimu hata senti.

Maswali ya kujadiliana

- Katika mikutano yetu, ni nani huketi nyuma, na kwa nini?
- Je, tumewahi kupitisha jambo ambalo baadhi yetu hawakulisikia?
- Kati ya hatua hizi saba, ni zipi tunaweza kuanza nazo mkutano ujao bila kununua kitu?