Kiarabu cha Darsani na cha Mitaani

Wanafunzi wetu, kila anayetarajia kwenda kusoma Al-Azhar, Cairo, ambako msikiti wake ulianza kujengwa mwaka 970, na ajue jambo hili. Hapa madrasa tunawafundisha kuwa mkate ni "khubz". Mkifika Misri mtasikia wenyeji wakiuita "eish". Msione kuwa mlisoma bure. "Khubz" ni fus-ha, nalo limo katika Surat Yusuf, aya ya 36. "Eish" ni la mitaani. Asili yake ni kuishi, sawa na neno letu "maisha". Fus-ha itawafungulia vitabu, ya mitaani itawapatia chakula na marafiki. Basi shikeni nahau kabla ya safari, na huko ulizeni bila kuona haya. Wabillahi tawfiq.