Habari Njema, Bei Kushuka

Kwa mkulima wa mahindi wa Songea jambo hili si geni. Wafanyabiashara wakitarajia kwamba Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula utatangaza bei kubwa, hununua mapema, na bei hupanda kabla ya tangazo. Bei ikitangazwa pungufu ya matarajio, soko huanguka, hata ikiwa imezidi ya mwaka uliotangulia. Aliyengoja na magunia yake hujuta.

Ndivyo ziendavyo hisa mjini New York takwimu za ajira za Marekani zitokapo, kwa kawaida Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Kinachosogeza bei ni tofauti kati ya idadi iliyotangazwa na ile iliyokisiwa. Ajira zikizidi makisio, hisa zaweza kushuka: wenye hisa huhofu kwamba benki kuu itapandisha riba ili kuzuia mfumuko wa bei.