JE, RAIS AWAFUKUZE WATUMISHI WA SERIKALI APENDAVYO?



Kijana mmoja katika darasa letu aliuliza: "Sheikh, Rais amechaguliwa na watu, na karani hakuchaguliwa na mtu. Vipi basi karani awe na kinga, hata Rais asiweze kumwondosha?" Suala hili lina uzito, wala halifai kujibiwa kwa hamaki. Tutalitazama kwa mfano wa Marekani, kwani nchi hiyo imezijaribu njia zote mbili, na matunda ya kila moja yamekwisha kuonekana.

Kwanza yatupasa kupambanua. Watumishi wa serikali ni namna mbili. Wa kwanza ni mawaziri, manaibu wao na washauri. Hawa huja na Rais na huondoka naye, na huko Marekani vyeo vya namna hii vyapata kama 4,000. Wa pili ni wale ambao kazi yao hukaa, aje Rais huyu au yule: apimaye dawa, akaguaye nyama, ahesabuye kodi, atunzaye daftari. Hawa ni kiasi cha milioni 2, na suala letu ni juu yao.

Ama wale wasemao Rais awe na uwezo wa kuwafukuza, hoja yao si ya kudharauliwa. Andrew Jackson, aliyeshika urais mwaka 1829, alisema ya kwamba kazi za serikali ni nyepesi, kila mwenye akili aweza kujifunza. Na kwamba mtu akikaa sana katika cheo hukiona ni mali yake. Maneno haya yana kweli ndani yake. Nani kati yetu hajasimama dirishani akaambiwa "Njoo kesho" na karani ajuaye ya kuwa hapana wa kumgusa?

Wallakini tutazame yaliyofuata. Jackson alimpa rafiki yake Samuel Swartwout ukubwa wa forodha ya New York, ijapokuwa waziri wake Martin Van Buren alilipinga jambo hilo. Mwaka 1838 ikadhihirika ya kuwa fedha zilizopotea mikononi mwa Swartwout zapita dola milioni 1, naye mwenyewe amekwisha kwenda zake Ulaya.

Mlango ulipofunguliwa hivyo, kila aliyeshinda uchaguzi alidaiwa vyeo na waliomsaidia. Julai 1881 Charles Guiteau, aliyekuwa akitaka ubalozi mdogo wa Paris akaukosa, alimpiga risasi Rais James Garfield, naye akafa Septemba mwaka ule ule. Ndipo Januari 1883 ilipotiwa saini sheria ya Pendleton: nafasi zitolewe kwa mtihani, na mtumishi asifukuzwe kwa kukataa kukichangia chama fedha. Mwanzo ilihusu kiasi cha sehemu moja katika kumi ya kazi, kisha ikapanuliwa. Mwaka 1912 sheria nyingine ikaongeza: mtumishi asiondoshwe ila kwa sababu yenye maslaha kwa kazi, aandikiwe sababu hiyo, na apewe nafasi ya kujibu.

Mzozo huu haukwisha. Oktoba 2020 Rais Donald Trump alitoa amri ya kuwatia watumishi wanaoshiriki katika kupanga mambo ya serikali ndani ya kundi jipya lisilokuwa na kinga hiyo. Januari 2021 Rais Joe Biden aliifuta. Januari 2025 Trump aliporudi akairejesha, na serikali yake ikakadiria ya kuwa watumishi kiasi cha 50,000 wataguswa. Hoja yao ni kwamba watumishi wasiotaka kutii huizuia kazi ambayo watu wamemchagulia Rais.

Jawabu letu ni hili. Kukataa amri ya halali ni kosa, na kosa ni sababu ya kumwondosha mtu. Basi Rais hakunyimwa uwezo juu ya mkaidi. Alilotakiwa ni kuonyesha ukaidi wenyewe. Kinachotafutwa hapa ni uwezo wa kumfukuza mtu pasipo kuthibitisha kosa lake. Na mwenye sababu ya haki hana haja ya kuogopa kuitaja.

Mfikirie mkaguzi wa nyama aliyeambiwa na mkubwa aipitishe nyama iliyoharibika. Ikiwa kesho aweza kupoteza riziki yake bila ya kuulizwa neno, atamwogopa nani, sheria au mkubwa? Na nyama ile italiwa na nani? Kinga ile, ijapokuwa yaitwa ya mkaguzi, kwa hakika ni ya mlaji.

Wala tusidhani ya kuwa jambo hili ni la Marekani peke yake. Katika Katiba yetu ya zamani hapa Kenya, kifungu cha 25, mtumishi alishika kazi yake kwa radhi ya Rais. Katiba ya 2010, kifungu cha 236, yasema asionewe kwa kuwa ametimiza kazi yake kwa mujibu wa Katiba, wala asifukuzwe wala kushushwa cheo bila ya kufuatwa utaratibu wa sheria.

Kwa hivyo kijana wetu alisema kweli: karani hakuchaguliwa. Lakini sheria anayoitumikia imetungwa na waliochaguliwa, na cheo chake ni amana, si mali ya Rais wala si mali yake. Ama yule wa "Njoo kesho", kinga hii haikuwekwa kwa ajili yake. Mkubwa wake aliandike kosa, amsikilize, kisha amwondoshe. Na ikiwa njia hiyo huchukua miaka, basi ifupishwe. Mizani ikiwa nzito hutengenezwa, haitupwi baharini.

Maswali ya darasa lijalo:

1. Ni ipi tofauti ya waziri na karani katika suala hili?
2. Kwa nini kutaja sababu ni kinga kwa raia kabla ya kuwa kinga kwa mtumishi?
3. Mtumishi mvivu aondoshwe kwa njia gani, bila ya kumdhulumu aliye mwaminifu?